Posa ya Siku ya Mwisho wa Dunia

Baba mkwe wangu, Kolgrim, aliusubiri mwisho wa dunia kama watu wengine wanavyosubiri wageni. Kila asubuhi alitoka, akasimama mlangoni na suruali yake ya sufu imeshuka upande mmoja, akalitazama jua likipanda juu ya mlima. Likiwa zima, alirudi ndani amenuna kidogo na kuomba uji.

Hakuwa kichaa. Sote hapa bondeni tumekuzwa na habari hizo: kwamba itakuja baridi isiyo na kiangazi, mbwamwitu anayelikimbiza jua atalifikia na kulimeza, Loki, mungu mlaghai aliyefungwa chini ya ardhi, atakata pingu zake, na Surt, jitu la moto, atatoka kusini na upanga unaowaka, aichome dunia mpaka izame baharini. Ila sisi wengine tulizisikia, tukaendelea kukamua ng'ombe. Kolgrim alijiandaa. Alitukata kucha sote nyumbani kwa mkono wake mwenyewe, maana inajulikana kwamba merikebu itakayowaleta maadui wa miungu inaundwa kwa kucha za wafu waliozikwa bila kukatwa. Siku niliyoingia kwake kama mke wa mwanawe, kabla hata hajaniuliza habari za kwetu, aliniambia, "Lete mkono, mkwe." Nikadhani ananivisha pete.

"Mzoee tu," mume wangu Oddleif aliniambia. "Kwa miguu yangu anatumia mkasi wa kunyolea kondoo."

Kitu kimoja tu Kolgrim alikipenda kuliko mwisho wa dunia, nacho kilikuwa ugomvi wake na Yngvild, mjane kama yeye, mwenye shamba la ng'ambo ya mto. Zamani, kabla sijaolewa, nyangumi alitupwa ufukweni pale mto unapoingia baharini, kichwa upande wetu, mkia upande wake. Kolgrim akasema nyangumi ni wa mwenye kichwa. Yngvild akasema kichwa hakina nyama, hata cha Kolgrim. Wakabishana, wakaita majirani, wakangoja baraza la wilaya, na nyangumi akaoza. Bonde zima lilinuka mpaka kiangazi kikaisha, na hakuna aliyeonja hata kipande. Tangu hapo wawili hao hawakusalimiana. Wakikutana kivukoni, kila mmoja alisemesha farasi wake.

Basi mwaka ule majira ya baridi yalikuwa yanaelekea ukingoni na nyasi kavu ghalani zimebaki kidogo, ardhi ikaanza kutetemeka. Vyungu vikagongana rafuni. Kolgrim akainua kidole. "Loki anajipindua kwenye pingu," akasema, na macho yakamng'aa.

Kesho yake asubuhi, mlima wa kusini ulitoa moshi mweusi mnene kama manyoya ya kondoo dume. Moshi ukapanda, ukatanda, ukaja. Jua likawa jekundu, kisha likawa kama sarafu kuukuu, kisha likaondoka. Mchana kweupe ukawa giza kama ndani ya gunia. Majivu yakaanza kushuka taratibu, yana uvuguvugu, na harufu ya mayai viza ikajaa nyumba nzima. Radi zikapiga ndani ya moshi. Mbwa akaingia chini ya benchi na akakataa kutoka.

"Niliwaambia!" Kolgrim akapiga kelele. "Si niliwaambia? Mbwamwitu kalimeza!" Alikuwa anacheka.

"Baba, ni mlima tu umewaka," Oddleif akasema. "Mlima kushika moto si jambo geni nchi hii."

"Na aliyeuwasha ni nani?"

Oddleif akakuna ndevu.

"Haya basi, sema! Umejiwasha wenyewe? Umepiga chuma jiwe?" Kolgrim akavaa joho. "Lete shoka. Tunamchinja fahali."

"Fahali yupi?"

"Tuna wangapi? Unamtunza wa nini, akalime wapi?"

Kwa hiyo tukachinja fahali gizani, kwa mwanga wa taa ya mafuta ya papa. Kolgrim akafungua bia yote iliyokuwa inangoja sikukuu ya mwanzo wa kiangazi. Akatoa samaki wakavu, akatoa jibini, akaamuru siagi ipakwe nene kama kidole. Mimi siku hiyo niliamini nusu. Nusu iliyoamini ilikula nyama mpaka mkanda ukakaza. Nusu nyingine ilisukuma pipa moja la siagi chini ya kitanda na kulifunika blanketi.

Katikati ya mlo Kolgrim akaacha kutafuna.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini, Baba?" nikamuuliza.

"Siwezi kwenda kusimama mbele ya Odin, baba wa miungu, nina nyangumi moyoni. Naenda kwa yule mwanamke."

Oddleif alibaki na ng'ombe, waliokuwa wanalia bandani. Nikaenda mimi na mzee, kwa sababu alikuwa amekunywa na kivuko kina mawe yanayoteleza. Kichwani alijifunika karai la mbao la kukandia unga, majivu yasimwingie machoni, nami nikashika mwenge. Hatukuona hata miguu yetu. Tulipofika kivukoni nikaona mwanga mwekundu unayumba upande wa pili, unakuja, na juu ya mwanga huo kichwa kikubwa cha duara kisicho na uso.

Kolgrim akaning'ang'ania mkono. "Surt!" akapayuka. "Surt huyo! Rudi ulikotoka!"

"Surt mama yako!" kichwa kikajibu.

Kolgrim akaachia mkono wangu.

"Yngvild?"

"Ulitaka nani? Na hilo karai umevaa la nini? Unafanana na uyoga."

"Na wewe umevaa nini?"

Alikuwa amevaa sufuria. Nyuma yake alikuja Thrand, kibarua wake, jitu la mtu lisilo na maneno mengi, amekumbatia jibini zima kifuani.

"Nilikuwa nakuja kwako," Yngvild akasema, na sauti ikashuka. "Nimekuletea jibini. Nikasema nisije nikafa na lile dude letu bado linaninukia puani. Chukua kichwa, Kolgrim. Chukua na mkia. Nimekuachia wote."

"Hapana. Mimi ndiye nakuachia wewe."

"Nimeshasema nakuachia!"

"Mimi nimekuja kwanza!"

"Wazee wangu," nikawaambia, "mwenge unazimika."

Tukarudi wote kwetu. Yngvild alikaa benchi la wageni, akavua sufuria, akapewa paja la fahali na pembe ya bia. Thrand akala kama mtu aliyeahidiwa kwamba kesho haipo. Nje radi zikazidi, paa la udongo likadondosha vumbi kwenye mchuzi, na sisi ndani tukawa wachangamfu ajabu, kama watoto walioachwa peke yao nyumbani.

Bia ilipofika kimo chake, Kolgrim alimgeukia Yngvild. "Unakumbuka nilipokuja kwenu ujanani? Nimevaa joho jipya la bluu?"

"Nakumbuka. Mama aliniambia nisuke nywele upya. Nikasuka. Nikakaa pale kama mshumaa. Ukala, ukanywa, ukakohoa, ukamwomba baba yangu jiwe la kunolea."

"Nilikuja kukuposa."

"Nyumba nzima ilijua umekuja kuposa! Paka alijua!"

"Maneno yalinikwama. Jiwe ndilo lililotoka."

"Na hukulirudisha," Yngvild akasema. Kisha akaangalia ndani ya pembe yake kwa muda. "Nilingoja mwaka mzima, Kolgrim. Nikadhani labda unanoa kwanza."

Oddleif alikohoa bia ikamtoka puani. Kolgrim hakucheka. Alisimama, akajishikilia kwenye nguzo, akapangusa siagi kwenye ndevu. Sijawahi kumwona mzee yule mzuri kama wakati huo, uso mweusi kwa majivu na macho mawili yanang'aa.

"Yngvild," akasema, "dunia imebakiza jioni moja, au hata hiyo haipo. Nakuposa. Mashahidi ni Asvor, mke wa mwanangu, na Thrand, kibarua wako. Unanikubali?"

"Hasara iko wapi?" Yngvild akasema, akanyoosha mkono. "Nakubali. Mbwamwitu akija atukute tumeshikana."

Wakashikana mikono kama sheria inavyotaka. Thrand akasema, "Nimeshuhudia," na hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyokuwa nimemsikia akisema. Wakakaa bega kwa bega kuungoja moto wa Surt. Walipolala, kichwa cha Yngvild kilikuwa begani kwa Kolgrim na mdomo wa Kolgrim uko wazi.

Giza lilitufunika siku kadhaa. Kisha upepo ukageuka ukatoka kaskazini, mvua ikapiga, na asubuhi moja nilisikia ndege nje. Nikafungua mlango. Jua lilikuwa limekaa juu ya mlima mahali pake pa kila siku, limefifia kidogo lakini zima. Bonde lote lilikuwa la kijivu kama mtu aliyemwagiwa unga.

Kolgrim alitoka akasimama nyuma yangu. Alilitazama jua kwa muda mrefu, kama unavyomtazama mdeni aliyerudi bila kitu. Kisha akageuka taratibu, akaangalia mifupa ya fahali. Akaangalia mapipa matupu ya bia. Mwisho akamwangalia Yngvild, aliyekuwa anasuka nywele zake nyeupe kando ya moto.

"Basi," akasema Kolgrim, "nadhani utapenda kurudi kwako."

"Kwangu ni hapa," Yngvild akajibu bila kugeuka.

"Yale maneno niliyasema kwa sababu dunia inakwisha."

"Hata mimi. Haikuisha. Maneno yapo."

"Mashahidi walikuwa wamelewa!"

"Thrand," Yngvild akaita, "ulikuwa umelewa?"

Thrand akafikiri. "Nilikuwa nimeshiba," akasema.

Kolgrim akanigeukia mimi. "Mkwe wangu. Binti mwema. Wewe ulisikia nini?"

Nilimwonea huruma, kweli. Lakini nilikumbuka sauti ya yule mwanamke aliposema alingoja mwaka mzima. "Nilisikia unaposa, Baba," nikasema. "Na safari hii maneno hayakukukwama."

Jioni ile Yngvild alihamia kwetu na makasha yake, na ng'ombe wake wenye kengele, na jogoo mkorofi aliyemchukia Kolgrim tangu siku ya kwanza. Mzee alijifungia stoo kwa hasira. Alitoka baadaye kwa sababu stoo haikuwa na kitu cha kula. Alikuwa amekimaliza chote mwenyewe.

Hapo ndipo kicheko kilipotuishia. Majivu yalikuwa yamefunika malisho, na ng'ombe akila majivu anakonda na meno yanaisha. Sisi ghala letu lilikuwa karibu tupu. Watu wa mashamba mengine ya bonde walichinja mifugo wakilia. Lakini Yngvild, kwa ubahili wake wa miaka yote, alikuwa na nyasi kavu zimejaa mpaka darini, za mwaka jana na za mwaka juzi. Thrand na Oddleif walizivusha mtoni kwa migongo yao, mzigo baada ya mzigo. Nami nikatoa pipa la siagi chini ya kitanda, na Yngvild akanitazama kwa heshima.

"Huyu," akamwambia Kolgrim, "ana akili. Ulimpata wapi?"

Hatukupoteza hata ng'ombe mmoja. Kolgrim alilijua hilo, ingawa hakulisema. Nilimwona tu siku moja anamsogezea Yngvild kipande kinono cha samaki, huku anaangalia kwingine.

Kisha mvua ziliosha, zikapigilia majivu ardhini, na nyasi zikatoka. Sijui nisemeje. Zilitoka zimesongamana, kijani cha kuumiza macho, hata mahali ambapo hapajawahi kuota kitu tangu babu zetu waje nchi hii kwa merikebu. Kwenye kijishamba chetu shayiri ikachipua peke yake, na hakuna aliyekuwa ameipanda.

Kolgrim alipoiona shayiri ile, alikaa chini pale pale.

"Basi iliisha," akasema. "Dunia iliisha, na hii ni mpya. Si imesemwa itainuka baharini, kijani, na mashamba yazae bila kupandwa? Na hilo jua si lile. Ni binti yake, aliyezaliwa kabla mama hajamezwa."

"Ni punje zilizodondoka mwaka jana," Yngvild akasema. "Na jua ni lile lile. Goti langu ni lile lile pia. Dunia mpya ingenipa goti jipya."

Walibishana juu ya hilo kiangazi chote, kwa raha kabisa, kitandani na mezani. Na kwa kuwa imesemwa pia kwamba miungu watakaosalia watazikuta nyasini kete za dhahabu walizochezea wenzao zamani, kila jioni Kolgrim alitoka uwanjani, akapiga magoti, akaanza kupekua nyasi shina kwa shina. Alipata kwato, jino la farasi, na kifungo cha Oddleif. Yngvild alikuwa anamtania kutoka mlangoni: "Vipi, mungu wangu, umeshinda mchezo?"

Jioni moja nilitoka kuwaita chakula. Yngvild hakuwepo mlangoni. Nilimkuta nyuma ya zizi amepiga magoti kwenye nyasi ndefu, sketi imelowa umande, anazitenganisha kwa vidole vyote kumi. Aliponiona akakiweka sawa kilemba chake.

"Sitafuti kitu," akasema kabla sijauliza. "Namsaidia mume wangu kuinuka."

Kolgrim alikuwa mbali, upande wa pili wa uwanja, ametugeuzia mgongo.