Miaka Kumi na Minne Nyuma ya Mashine

Vumbi la nyasi huamka asubuhi, kaka, jua linapopenya kati ya nyumba yetu na ukuta wa jirani. La kijani, jepesi, linaelea kwenye mwanga kama kitu kisicho na haraka ya kutua. Nami nimo ndani yake. Jumamosi baada ya Jumamosi, miaka kumi na minne, nami nimo ndani yake.

Vuta kamba. Sukuma. Fika ukutani, geuza.

Uliileta mashine ya kukata nyasi wiki moja baada ya kumzika kitinda mimba wetu, aliyeumwa na nyoka katika nyasi za ua wetu akifuata mpira. Ilikuwa nyekundu, magurudumu manne, mpini bado umevikwa nailoni. Mama alikuwa barazani, miguu ameikunja juu ya kiti, kama mtu aliyezingirwa na maji. Hakukubali kukanyaga chini mpaka nyasi ziwe fupi kuliko kidole. Ukanionyesha jinsi ya kuiwasha. Ukasema, "Msimu mmoja tu, dada. Nikishajipanga, nakuja kukupokea."

Barua ya chuo cha uuguzi ilikuwa mkobani mwangu. Msimu mmoja, nikasema na mimi. Lakini mvua hazikuwa na habari na ahadi yetu; zilinyesha, zikapumzika, zikanyesha tena, na nyasi hazijui kustaafu.

Vuta kamba. Sukuma. Fika ukutani, geuza.

Mashine hii naijua kuliko ninavyoujua uso wangu. Ukivuta mara ya kwanza hukohoa, mara ya pili hukudanganya, mara ya tatu huwaka. Mwaka wa pili kamba yake ilikatika, nikaiunga kwa kamba ya kuanikia nguo. Mwaka wa tano gurudumu la mbele lilipasuka. Fundi akabandika la mkokoteni, na tangu siku hiyo yenyewe huvuta kushoto, mimi huegemea kulia. Hata nikienda sokoni mikono mitupu, naegemea kulia. Nimeosha chujio lake kwa sabuni. Nimenoa kisu chake kwa tupa. Nimeibadilishia oili nikiwa na homa, maana homa ni yangu, Jumamosi ni ya mama.

Mtaa mzima huniita Mama Mashine, nami sijawahi kuwa mama wa mtu.

Hatua ishirini na nane kwenda, ishirini na nane kurudi. Shoga yangu wa utotoni alihamia mji wa mbali, akafungua tanuri la mikate. Kila mwaka aliniambia nafasi yangu ipo. Kila mwaka nikamwambia mvua zikikatika. Na mvua zilipokatika, mama aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ndogo, kama zile nyasi za kando ya ukuta nimezifikia.

Ningemchukia, ningeondoka zamani. Nilimpenda, nikabaki.

Miezi miwili iliyopita, katikati ya ua, mashine ilitoa mlio kama mfupa unaovunjika, ikanyamaza. Fundi akaipindua, akaikagua, akakaa chini. Injini imekwama, akasema, na spea zake hazitengenezwi tena. Kisha akafuta mikono kwa tambara. "Umeitunza vizuri mno," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Nilicheka, kaka. Niliingia jikoni, nikafunga mlango, nikacheka mpaka nikalia.

Wiki tatu nyasi zikapanda. Zikafika kifundoni, zikafika kwenye ugoko, zikafika gotini. Mama akafunga madirisha ya upande wa ua. Nami nikapakia mkoba. Asubuhi ya safari nilishuka ngazi za baraza, nikatia mguu nyasini, na mwili wangu ukagoma. Nilisikia kila jani likipangusa ngozi. Nilisikia na nyoka asiyekuwepo. Miaka yote hiyo nilikuwa nikitembea nyuma ya kelele na kisu. Bila hivyo, sikuwa nimewahi kupiga hatua moja katika nyasi zilizoachwa kukua. Nilidhani namkatia mama hofu yake. Kumbe nilikuwa nakata na yangu.

Nikarudi barazani, mkoba mkononi. Mama aliniona.

Jioni ile ulipiga simu. Ukasema nisiwe na wasiwasi, umeshaagiza mashine mpya, kubwa zaidi, inajisukuma yenyewe, kazi yangu itakuwa kuishika tu. Simu yangu ina sauti kubwa, unajua. Mama alisikia kila neno.

Asubuhi niliamshwa na mkwaruzo, taratibu, wenye vituo. Nikatoka. Mama alikuwa chini ya ngazi, amepiga magoti nyasini, amevaa yale mabuti yako ya mvua, mundu mkononi. Alikata konzi moja, akatega sikio. Akakata nyingine, akatega sikio. Nilimsihi aache, nikiwa nimesimama ngazini, kwa sababu miguu yangu ilikataa kumfuata.

"Tangu mwaka wa pili nilikuwa naweza kushuka hata nyasi zikiwa ndefu," akasema, bila kugeuka. "Nilijua siku nitakayoshuka, wewe utaondoka."

Nilikaa kwenye ngazi. Hasira ilinijaa, na huruma nayo ikaja ikakaa papo hapo, wala mmoja hakumpisha mwenzake. Yeye akaendelea kukata. Alikuwa na kazi.

Alikata siku mbili. Hakukata ua, alikata njia moja, kutoka ngazini hadi getini. Alipofika mwisho akajishika kwenye nguzo, akainuka, mikono imegandwa na majani mabichi mpaka viwikoni.

"Pita," akasema. "Hiyo mashine ikija nitaipokea mimi. Aliyeiagiza aje aisukume."

Nikapita, kaka. Nilitembea nikitazama miguu yangu tu. Getini alinishika uso kwa viganja vile vyenye utomvu, halafu akaniachia kwanza yeye, kabla sijamwachia.

Nakuandikia kutoka kwenye tanuri la shoga yangu. Jumamosi mikono yangu bado huamka kabla yangu, ikitafuta cha kushika, nami huipa unga. Jirani humpitia mama asubuhi na jioni. Anasema boksi lako limefika, liko barazani, halijafunguliwa, na mama ameweka kiti chake kando yake, anatazama geti.

Ile njia aliyoikata ina upana wa mtu mmoja. Mashine haipiti. Wewe utapita.