Simu ya Gitari

Rauta niliziweka mimi mwenyewe, na hilo nataka lijulikane kabla sijasema lingine. Watu wa kampuni walifikisha waya ukutani wakaenda zao, wakaniachia paswadi ya kiwandani ambayo hata mbuzi angeikisia. Nikakaa na laptopu Jumamosi nzima. Nikabadilisha paswadi, nikabadilisha jina, nikafunga kila kilichofungika. Mimi ni mtu wa kufunga. Pale Makutano ninapofanya kazi, kwenye duka la dawa za mifugo, funguo za stoo nashika mimi, na haijawahi kupotea hata chupa moja ya dawa ya kupe.

Rauta ya kwanza iko sebuleni. Ya pili ni kuukuu, nikaivutia waya mpaka jikoni, nikaizima ile kazi ya kugawa anwani za mtandao ili rauta mbili zisigombane, ikabaki ya kusambaza tu. Jiko letu liko peke yake nyuma ya nyumba, karibu na zizi na lango dogo. Niliiweka huko kwa sababu ya kamera ya kuangalia ng'ombe. Kaaga ni mtaa wa walimu na wachungaji, sawa, lakini ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, huibiwa popote.

Kwenye simu yangu kuna programu ambayo inanionyesha, popote nilipo, kila kifaa kilichoingia, jina lake, na kimeshika rauta gani. Alhamisi moja, saa nne kasorobo, niko kazini, nikaona kifaa kigeni. Jina: Simu ya Gitari. Rauta: ya jikoni.

Sasa nielewe. Huku Meru kina Gitari si wengi. Wako Embu, wako Mbeere. Na kabla sijamwoa, mke wangu Kendi alikuwa karani kule Siakago, huko huko Mbeere, ofisi moja na mtu anayeitwa Gitari. Alinitajia mara moja tu, akicheka, kwamba huyo Gitari alikuwa akimletea maembe kwenye mfuko wa karatasi. Miaka saba imepita. Yale maembe sijayasahau.

Kifaa kilikaa dakika arobaini na mbili, kikatoka. Na kifaa hakiingii chenyewe. Mtu amepewa paswadi, na paswadi tunaijua watu wawili, mimi na mke wangu.

Jioni nikamkuta kwenye cherehani. Kendi hushona sare za shule hapo nyumbani.

"Mama Kaari, leo kulikuwa na mgeni?"

"Mgeni gani? Nimeshinda na hizi sketi."

"Hata huko nyuma, jikoni?"

Cherehani ikasimama. "Baba Kaari, jikoni kuna mgeni gani zaidi ya moshi?"

Akaendelea kushona. Methali ya moshi na moto naijua, sikuhitaji kukumbushwa. Usiku huo sikula vizuri, na yeye hakuuliza kwa nini, na hilo pia nikaliweka akilini.

Alhamisi iliyofuata, saa nne kasoro dakika nane, huyo hapo tena. Rauta ya jikoni. Kumbe anapitia lango dogo kama mwenye boma, na kamera yangu inatazama ng'ombe tu. Nilikuwa nahesabu dawa na mteja, nikahesabu vibaya mara mbili. Niliumia, nisiseme uongo. Nikamwona mtu wa Siakago amekaa kwenye kiti changu, anakunywa maziwa ya ng'ombe wangu, anatumia waifai yangu.

Sikupiga simu. Sikugombana. Jioni nikaingia ndani ya rauta, nikakiweka kile kifaa kwenye orodha ya vilivyozuiwa. Halafu, kwa sababu nina roho mbaya nikichokozwa, nikabadilisha na jina la mtandao, ili akija alisome mwenyewe kwa macho yake. Nikaandika kwa herufi kubwa: MWIZI SIKU ZAKO 40.

Jirani yetu Ednah, mwalimu, aliliona kwenye simu yake akanicheka juu ya ua. "Kithinji, umeibiwa nini?"

"Bado nahesabu," nikamwambia.

Kendi aliliona pia. Hakusema neno. Mtu asiye na kosa si angeuliza? Angesema, Baba Kaari, huyu mwizi ni nani? Yeye akaunganisha simu yake, akarudi kwenye sketi zake. Na ile Alhamisi iliyofuata, niliporudi, macho yake yalikuwa mekundu. Akasema ni moshi. Nikasema moyoni, haya, mlilie huyo Gitari wako. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Alhamisi baada ya hiyo niliomba ruhusa kazini saa tatu na nusu. Boda ikaniacha mbali kidogo. Nikapita nyuma ya migomba ya Ednah, nikasukuma lango dogo polepole. Nikasikia sauti ya Kendi jikoni, ya chini, ya kubembeleza. Nikasema leo ni leo, nikausukuma mlango.

Juu ya kigoda alikuwa amekaa mama yake Kendi.

Lazima nieleze hapa, maana mtu wa mbali hataelewa uzito wake. Kwetu mama wa mke haingii nyumba ya mkwe wake hivi hivi. Hatushikani mikono, hatuli pamoja, tukikutana njiani mmoja anapisha. Kuna walioacha, wanasema wameokoka. Mama yake Kendi ameokoka na hajaacha. Tangu harusi nilikuwa nimemwona mara tatu, zote kwa mbali. Sasa niko mlangoni, nimemzibia njia, na mkononi nimeshika rungu.

Alikuwa ameinua simu juu, anaizungusha kutafuta mtandao. Aliponiona alijifunika uso kwa leso akageukia ukuta. Mimi nami nikarudi nyuma mpaka uani, nikageuka, nikaangalia zizi. Tukakaa hivyo, kila mmoja na ukuta wake.

Akasema kwa Kimeru, si kwangu, kwa binti yake, lakini kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie mwenye boma kwamba mimi si mwizi. Nilisoma alichoniandikia. Nilidhani ni cha mwingine, ndiyo maana nikarudi."

Akatoka kwa lango dogo bila kugeuza kichwa, akaelekea kwenye gari la kwao Mikinduri.

Kendi alinieleza akiwa amesimama, hata hakukaa. Mdogo wake Gatakaa anafanya kazi za nyumbani Saudia. Tajiri wake anamruhusu kupiga simu ya video siku moja kwa wiki, Alhamisi saa nne, dakika kumi, namba moja tu, ya mama. Kwa mama Mikinduri mtandao haushiki, kule bondeni nyumba iliko. Kwa hiyo mama anapanda gari alfajiri, anapitia nyuma, anakaa jikoni kwa sababu ndani hawezi, anaongea na mtoto wake, anarudi. Alikuwa amemwapisha Kendi asinitajie, akiona haya kuonekana anazoea boma la mkwe.

"Na Gitari?" nikauliza. Bado nilikuwa na mdomo wa kuuliza.

"Hiyo simu ya mama niliinunua kwa Gitari, nikiwa Siakago, wakati alinunua nyingine. Mama hajui kubadilisha jina la simu. Mimi sikujua ina jina."

"Si ungenunua bando ya intaneti?"

"Nilinunua. Wiki iliyopita. Tulimsikia Gatakaa analia, akasema 'mama, hawa watu', bando ikaisha, ikakatika. Mpaka leo hatujui hawa watu wamefanya nini."

Saa nne ilikuwa imepita. Nikaangalia saa, nikaangalia lango, mama alikuwa ameenda na simu yake.

Basi nikafanya ninachokijua. Nikakitoa kile kifaa kwenye orodha. Jina la mtandao nikaliandika upya, NYUMBANI. Rauta ya jikoni nikaipandisha juu ya dari isipate moshi. Nikanunua kiti chenye mgongo, nikakiweka pale palipokuwa na kigoda. Kwenda mwenyewe kuomba msamaha siwezi, mkwe haendi, anatuma watu. Nikatuma binamu yangu Mithika na mchungaji, na sukari na blanketi. Walipokelewa vizuri, wakanyweshwa chai. Sukari na blanketi wakarudi navyo. Jumatano Kendi akaenda mwenyewe, akalala huko.

Alhamisi sikwenda kazini. Nilikaa sebuleni na laptopu mbele yangu, orodha imefunguliwa. Televisheni. Kamera ya ng'ombe. Simu yangu. Saa tatu na nusu, hakuna. Saa nne kasorobo, ikaingia simu ya Kendi. Halafu chini yake, Simu ya Gitari. Rauta: ya jikoni.

Sijawahi kulifurahia jina la mwanamume mwingine namna hiyo. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikasimama mbali inavyostahili, nikakohoa ili mama asikie kwamba nipo na ajifunike kama anataka. Nikakohoa tena.

Kendi akatoka jikoni peke yake, ile simu mkononi.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

"Mikinduri. Amesema namba ni hii, simu ndiyo hii, Gatakaa asikose mtu wa kumpokelea. Yeye hakanyagi hapa. Amesema siku zake zimetimia, wewe ndiye uliyemhesabia."

Simu ikaanza kuita. Kendi akaiangalia, akaiangalia tena, akaninyooshea.

"Jibu wewe," akasema. "Wewe ndiye unajua kwa nini hayupo."

Nikabonyeza. Gatakaa akatokea, amefungwa kitambaa cheupe kichwani, uso umekonda mpaka nikasita kama ni yeye. Mtandao ulikuwa safi, picha haikuganda hata kidogo. Aliniona. Akaangalia nyuma ya bega langu akitafuta mtu mwingine, akarudisha macho kwangu, mkwe ameshika simu ya mama mkwe wake.

"Shemeji," akasema, sauti ikaanza kumwisha, "mbona simu ya mama iko na wewe? Mama alikufa lini?"