Salamu za Mtaa Mzima

Cherehani ilikuwa katikati ya pindo la sketi ya shule, na Fundi alikuwa katikati ya sentensi.

"...na mgonjwa akitoka zahanati, akifika kwenye daraja..." Mguu ukaacha kukanyaga, mdomo nao ukafumba. "Hapo kengele imelia."

"Bado," alisema Kinyozi, aliyekaa kwenye benchi la wateja akitazama saa kwenye simu yake.

"Kule ukumbini itakuwa imelia. Yule karani ana mkono mwepesi. Tunakata hapo hapo. Wewe unaanzia wapi?"

Kinyozi alisimama, akavuta shati, akakohoa. "Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wazee wetu, ndugu..."

"Yaleyale!" Mlangoni alikuwa ameegemea mchomeleaji wa mageti, ambaye mtaa ulimwita Cheche kwa sababu ya kazi yake, na pia kwa sababu ya hasira zake. "Huyu atasalimia mpaka malori yaegeshwe kichwani kwake."

Fundi hakucheka. Wiki iliyopita yeye mwenyewe alikuwa amefanya hivyo hivyo. Halmashauri ilitaka kuufunga uchochoro unaopita nyuma ya nyumba zao, ili kupanua maegesho ya malori, na ikawaita wakazi watoe maoni. Kila mkazi alipewa dakika mbili. Fundi alisimama, akafanya kama alivyolelewa. Alimsalimia mwenyekiti, madiwani, karani, wazee na vijana. Alishukuru kwa nafasi. Aliomba radhi kwa sauti yake ndogo. Alimpa pole diwani aliyefiwa. Aliposema, "Sasa, jambo langu ni moja," kengele ikalia.

"Asante, umesikika," alisema mwenyekiti.

Alirudi kitini na jambo lake kama tonge lililokwama kooni. Wenzake wote waliomfuata wakazama katika salamu vilevile. Kilichowaokoa ni umeme. Ulikatika, kikao kikaahirishwa, kianze upya leo alasiri.

Na jambo lenyewe lilikuwa limekaa pale pembeni, kwenye kiti cha mbao, likichambua nyuzi kutoka kwenye vitambaa vilivyofumuliwa. Mama yake alikuwa na kidonda mguuni, na kila wiki alikwenda zahanati kusafishwa. Alipita uchochoroni kwa fimbo yake, taratibu, peke yake. Uchochoro ukifungwa, njia iliyobaki ni daraja la juu ya barabara kuu, ngazi za kupanda na ngazi za kushuka, na mguu ule usingezipanda. Fundi alipowahi kutaja habari ya kumtafutia mtu wa kumbeba, mama alimkatiza: "Siku nitakayobebwa, mnibebe moja kwa moja mkanizike."

Basi Fundi akaikata hotuba kama anavyokata gauni. Kila mtu na kipande chake, na kila kipande na nafasi ya mshono: maneno ya mwisho ya aliyekaa ndiyo ya kwanza ya anayesimama. Mpango ulikuwa mzuri. Tatizo ni salamu.

"Siwezi, Fundi," alisema Kinyozi. "Nikisimama mbele za watu wazima bila kusalimia, mdomo unanikauka. Nitaonekana sikufunzwa."

"Hata mimi," alikiri Fundi.

Mama aliweka nyuzi chini. "Mimi niandikisheni wa kwanza."

"Utasema nini, Mama?"

"Nitasalimia. Ninyi wengine mtasema."

*

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni iliyozunguka kivivu. Kengele ilikuwa mezani, mbele ya karani. Jina la mama lilipoitwa, alikwenda mbele kwa fimbo yake bila haraka yoyote, akasimama, akawatazama waliokaa meza kuu. Akanyamaza.

"Karibu, Bibi," alisema mwenyekiti. "Muda wako unakwenda."

"Mbona hamjaniamkia?"

Madiwani walitazamana. "Shikamoo, Bibi," wakasema, mmoja mmoja, kama darasa lililochelewa.

"Marahaba, wanangu. Nami nawasalimia. Nawasalimia kwa niaba yangu, kwa niaba ya binti yangu fundi, ya kinyozi, ya mchomeleaji, na ya kila mtu wa mtaa wetu atakayesimama baada yangu. Mheshimiwa, mzima? Nyumbani hawajambo? Na wewe diwani uliyefiwa, tunakupa pole sote, kwa pamoja, msiba ni wetu." Aliwazungukia mmoja baada ya mwingine, hakumruka hata karani. "Tunashukuru kwa nafasi. Tunaomba radhi kwa sauti zetu. Yote hayo nimeyasema kwa ajili yetu sote. Asiwepo atakayeyarudia."

Kengele ikalia.

"Nimemaliza," alisema mama, akarudi kitini.

Fundi alisimama. Salamu ilimpanda mpaka kwenye meno, akaimeza.

"Uchochoro mnaotaka kuufunga ndiyo njia ya zahanati," alisema.

Mwenyekiti alivua miwani. "Fundi, hata salamu?"

"Zimeshatolewa, mheshimiwa. Na umezipokea."

Kicheko kilipita ukumbini. Fundi akaendelea kwa sauti yake ileile ndogo, na kwa kuwa ilikuwa ndogo, watu walinyamaza ili waisikie. Aliwataja wanaopita pale: wajawazito, wenye magongo, wanaobeba watoto wenye homa. "Na mgonjwa akitoka zahanati, akifika kwenye daraja..."

Kengele. Akakaa palepale, neno likining'inia.

Kinyozi alisimama. "Mheshi..." Nusu ya ukumbi ikakohoa. Alijipiga kofi pajani, akaanza tena. "Akifika kwenye daraja, anakutana na ngazi. Mimi nina mteja ng'ambo ya daraja hilo, namfuata kumnyolea kwake kwa sababu hawezi kunifikia..."

"Ngoja kwanza!" Mwenyekiti aligonga meza. "Hii ni hotuba moja. Mmekula njama."

"Ni watu wengi, mheshimiwa," alijibu Kinyozi. "Kila mmoja na dakika zake."

"Karani, kanuni zinasemaje?"

Karani aliinamia karatasi yake. "Kila mkazi dakika mbili. Kengele ikilia, anakaa." Alipindua upande wa pili. "Pa kuanzia hapakutajwa."

"Huku ni kukidharau kikao!"

Fundi alijikuta amesimama bila kuitwa. Alishangaa mwenyewe. "Tunakiheshimu, mheshimiwa. Ndiyo maana kengele ikilia tunakaa. Lakini hatuondoki, na hatunyamazi. Wiki iliyopita uliniambia nimesikika. Sikuwa nimesema kitu."

Mwenyekiti alirudisha miwani usoni, akamwashiria Kinyozi aendelee.

Wakaendelea. Muuza mboga alichukua kwa Kinyozi, mwalimu akachukua kwa muuza mboga, na hata mtu mmoja ambaye Fundi hakumjua kabisa, mtu asiye na kipande, alisimama akarudia maneno ya mwisho ya mwalimu na kuongeza yake. Ilipofika zamu ya Cheche, mwanga madirishani ulikuwa umeanza kufifia.

"Mnasema daraja linatosha," alinguruma Cheche. "Linatosha, siyo? Kama linatosha, basi..."

Kengele.

Mwenyekiti alifunga faili. "Tumesikia ya kutosha. Tuamue."

"Mheshimiwa," alisema karani kwa upole, "uamuzi hautolewi kabla waliojiandikisha hawajaisha. Bado wapo."

Mwenyekiti alimtazama kama mtu anavyokitazama kiatu kilichombana. "Kesho asubuhi," alisema, akanyanyuka.

*

Nyumbani, Fundi aliwasha taa, akavuta ile sketi. Mama alikuwa ameshaweka viatu vyake mlangoni na fimbo kando yake.

"Hebu nisikie kipande cha atakayeanza kesho," alisema. "Kinachofuata 'basi' ya Cheche."

Fundi alikanyaga taratibu. "Basi tunaomba waheshimiwa mje mpande ngazi zile pamoja na mama yake Fundi..."

"Fumua hapo."

"Wapi, Mama?"

"Kwenye 'tunaomba.' Kuomba nilishawaombea mimi, pamoja na salamu. Kesho waambiwe."

Fundi aliinua mguu. Alijaribu neno jingine kimoyomoyo, akalijaribu kwa sauti, halikukaa sawa. Akajaribu jingine. Sindano ilibaki imezama kwenye pindo, nusu ya sketi ikiwa bado haijashonwa, na mama akisubiri.