Mawe ya Katikati

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, binti alitandaza ramani juu ya meza ya kulia, akazikandamiza pembe zake kwa kopo la sukari, redio, tochi na pasi iliyokwisha kupoa. Ilikuwa ramani ya mji wa nyanda za juu, ule ambao wakoloni waliujenga katikati ya milima ya volkano, na ambako mama yake aliishi ujana wake wote. Binti alikuwa mchora ramani wa idara ya maji, na hakuwa mtu wa kusafiri kwa kubahatisha. Alichonga penseli nyeusi ya kuchorea njia za gari na nyekundu ya kuchorea njia za miguu, kisha akauliza:

"Mama, tukishuka stendi, tuanzie wapi?"

Mama alikuwa kwenye kiti cha dirishani, akichambua vinyuzi vya sweta ya kijivu ambayo hakuwahi kuivaa tena tangu aliposhuka kutoka huko.

"Barabara ya Juu," alisema. "Nataka niipite katikati, mchana kweupe, nimevaa viatu vyangu. Basi. Makanisa mtaangalia nyie."

Ombi hilo halikuwa geni. Tangu usichana hadi siku alipoolewa, Mama alifua vitambaa vya meza vya nyumba moja kubwa iliyotazama Barabara ya Juu, na hakuwahi kuipita barabara hiyo hata mara moja. Watoto wake walilinyonya jambo hilo pamoja na maziwa. Kilichokuwa kipya ni daktari. Alikuwa amesema kwamba moyo wa Mama utaivumilia milima mwaka huu. Kwa mwaka kesho hatoi ahadi.

"Na hiyo milima inaitwaje?" aliuliza kaka mdogo. Nyumbani walimwita Meneja, kwa kuwa hajawahi kusimamia kitu chochote. Alikuwa akimenya chungwa juu ya mashariki ya ramani.

"Unaotoa moshi tulikuwa tunauita Mvutaji," Mama alisema. "Wa pili ni Mama Mkwe, hafunui uso mpaka mgeni aondoke. Na yule mdogo ni Kitindamimba. Huyo hana kazi, analala tu."

"Kama nani?" aliuliza binti.

"Mimi nasikia, dada," alisema Meneja. "Na ganda hili nalitupa mwenyewe, muone."

Jioni, taa zilipowashwa, baba yao aliingia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa amekufa miaka mingi iliyopita, na alikuwa amebeba kigoda chake cha mguu mmoja.

"Umechelewa," Mama alisema.

"Kuna mteremko, mama watoto."

Alikaribishwa mezani. Hakuketi kwenye kiti. Aliweka kigoda chake, akajisawazisha juu yake kama alivyozoea, akaitazama ramani kwa muda mrefu.

"Hii imechorwa na mtu aliyesimama," alisema.

"Ramani zote huchorwa hivyo, baba."

"Ndiyo maana."

Marehemu alikuwa fundi wa kutandika mawe. Ujanani mwake, yeye na wenzake ndio walioitandika Barabara ya Juu, kwa mawe meusi yaliyokatwa kwenye lava ya Mvutaji. Fundi wa kazi hiyo huketi kwenye kigoda akilitazama eneo lililokwisha, huku mchanga usioguswa ukiwa nyuma yake, na hurudi kinyumenyume kadiri kazi inavyosonga. Jiwe lililolazwa halikanyagwi na aliyelilaza. Hiyo ni sheria ya ufundi, na hukoma mchanga ukishikana. Mchanga uliposhikana, ilikuja sheria nyingine, ya mji: asipite juu ya mawe mtu yeyote wa kazi, asije akayachafua. Hiyo haikuandikiwa mwisho. Kwa hiyo marehemu aliyajua mawe yote ya Barabara ya Juu kwa sura, na hakulijua hata moja kwa unyayo.

"Tuelekeze, basi," alisema binti, akashika penseli nyekundu.

Hapo ndipo walipokosea, kama ni kosa. Familia nyingine ingemuuliza njia wakala wa safari. Wao walikuwa na mwenyeji, tena hana haraka.

"Ukitoka stendi," baba alisema, "shuka mtaroni. Fuata ukuta wa kanisa kwa nyuma, kule kwenye unyevu. Utapita majiko; ukisikia harufu ya kahawa ujue ni kwa hakimu, ukisikia harufu ya dawa ya viatu ni kambini. Pita kwenye kamba za nguo. Hapo msalimie mama yenu, alikuwa anaanika hapo."

"Nipo hapa," Mama alisema.

"Siku hizo ulikuwa pale. Ulikuwa na kitambaa chekundu kichwani, unajifanya hunioni."

"Nilikuwa nakuona. Ulikuwa na vumbi mpaka kwenye kope."

Binti alisubiri kwa adabu, kisha akauliza njia ya kwenda sokoni, ya kwenda chemchemi, ya kwenda kwenye mnara wa saa. Kwa kila mahali baba alikuwa na njia, na kila njia alikuwa na hakika nayo. Walipomaliza, mistari myekundu ilikuwa imeuzunguka mji wote, na katikati Barabara ya Juu ilibaki nyeupe kama mfupa wa samaki kwenye sahani.

"Baba," alisema Meneja, "mbona tunazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

"Ndiyo njia, mwanangu."

Kuanzia hapo baba alikuja kila jioni. Na kwa kuwa mikono ya fundi haiwezi kukaa bure, alianza kuja na kapu la mawe. Aling'oa vigae vya korido kuanzia mlango wa mbele, akavipanga vizuri nje bila kuvunja hata kimoja, akamwaga mchanga, akaweka kigoda chake na kuanza kutandika. Mlio wa nyundo yake ulikuwa mdogo na wa mpangilio, kama saa ya ukutani. Mama alisogeza kiti chake karibu na mlango wa chumba ili ausikie vizuri. Alisema alikuwa akiusikia hivyohivyo kutoka kwenye kamba za nguo, na kwamba ukinyamaza tu, alijua fundi ananyoosha mgongo, naye aligeuka amtazame, kana kwamba anatafuta kibanio.

"Baba, vile vigae vilikuwa vipya," alisema Meneja.

"Vinateleza. Mama yako ana goti."

Korido haikurefuka, binti aliipima mwenyewe kwa utepe wa kazini. Ila kuipita kulianza kuchukua muda mrefu zaidi. Mwisho wa upande wa mbele kulikuwa na baridi, na mchana wingu lilishuka likatanda kwenye magoti. Kwenye dirisha la bafuni alionekana Mvutaji, na akikasirika jivu liliingia ndani. Mama alilikusanya kwa kisahani, akasugulia masufuria; alisema hakuna sabuni iliyowahi kulifikia. Jirani alipokuja kuazima ngazi, alisimama mlangoni akijikunyata.

"Jamani, fungeni hilo dirisha lenu la volkano," alisema. "Mtoto wangu ana kifua."

Wakafunga.

Wiki ya safari ilipokaribia, binti alimpigia simu wakala aliyewakatia tiketi ili ahakikishe mambo yaliyobaki. Wakala alikuwa dada mwenye sauti ya upole. Aliposikia jina la Barabara ya Juu, upole uliongezeka.

"Ile sasa inalindwa, dada yangu. Mawe yanachakaa. Wanaoruhusiwa kuikanyaga ni wageni waliolala kwenye hoteli zinazoitazama."

"Basi tupatie chumba kwenye mojawapo."

"Zile ni za makundi yanayotoka nje ya nchi tu. Wenyeji tuna nyumba za kulala nzuri kabisa, kwa nyuma. Na mmetengenezewa Njia ya Urithi. Mama ataipenda, ina maua."

"Inapita wapi?"

Wakala alimsomea. Inashuka kando ya mtaro, inafuata ukuta wa kanisa kwa nyuma, inapita majiko ya zamani, inatokea kwenye uwanja wa kuanikia nguo, ambapo pana kibao cha maelezo. Binti aliweka kidole kwenye ramani na kuufuata mstari mwekundu. Haukutofautiana hata kwenye kona.

"Mama yangu alifanya kazi pale," alisema binti. "Baba yangu ndiye aliyeyatandika hayo mawe."

"Hongereni sana," alisema wakala kwa moyo mweupe. "Kibao kinawataja wafanyakazi."

Jioni binti alieleza yote mezani, bila kuongeza wala kupunguza. Meneja alitukana kidogo. Baba hakushangaa.

"Niliwaambia njia ni ile," alisema, akarudi kwenye korido. Alikuwa amebakiza sehemu ndogo tu, kwenye kizingiti cha jikoni.

Mama alikuwa ameishika sweta. Aliikunja mikono, akaikunjua.

"Maua nayajua," alisema hatimaye. "Tulikuwa tunamwagia maji machafu pale, ndiyo maana yanastawi. Siendi kuangalia maua."

Binti alifuta safari asubuhi iliyofuata. Kisha alisimama kwenye mlango wa mbele akaitazama korido. Mawe meusi yalikuwa yamelala kutoka ukuta hadi ukuta, yamebanana kama meno, yakiinuka kidogo katikati na kuteremka kandokando kwenye vijifereji viwili vya maji ya mvua. Aliilinganisha na mchoro wa mji. Ilikuwa Barabara ya Juu, ila upana tu ndio mdogo.

Alisubiri baba aje. Jioni hiyo marehemu aliligonga jiwe la mwisho, akainuka, akatokea uani kinyumenyume bila kukanyaga kazi yake, akasimama nje ya mlango wa jikoni akifuta nyundo.

"Mama," binti alisema, "barabara imekuja. Haina hoteli wala askari. Vaa viatu."

Mama alivaa viatu vya kanisani na sweta ya kijivu. Alichana nywele. Meneja alizima redio bila kuambiwa. Wingu lilikuwa limeondoka na mwanga wa mwisho uliingia kwa mlango wa mbele, ukayafanya mawe yang'ae kama yaliyomwagiwa maji.

Mama aliingia barabarani. Aliweka bega la kulia karibu na ukuta, akashusha macho, akaanza kutembea ndani ya kile kifereji, mguu mmoja mbele ya mwingine, kama mtu anayepita pembeni mwa shamba la mwenzake. Goti halikumsumbua. Mkono mmoja aliukunja kiunoni, jinsi mtu anavyoshika beseni.

"Katikati, Mama," binti alisema.

"Naenda, mwanangu."

"Uko pembeni."

"Nimesikia."

Alipofika usawa wa chumba cha kulala, alijibanza mlangoni, akangoja kitu kipite. Hakuna kilichopita. Alisubiri kwa muda unaotosha kigari cha farasi na watu wake, kisha akaendelea.

"Mama, hakuna mtu anayekuja!" alisema Meneja.

"Wewe hujui wanakuja saa ngapi," Mama alimjibu.

Alifika jikoni, akavuka kizingiti, akasimama uani mbele ya mumewe. Alikuwa akihema kidogo, na macho yake yalikuwa yamelowa, lakini alionekana mtu aliyemaliza shughuli.

"Yamelala vizuri?" aliuliza marehemu.

"Yamelala."

"Na ya katikati?"

"Ya katikati waulize watoto."

Binti, anayeamini vipimo, alikwenda kufunga mlango wa mbele, na aliporudi aligundua kwamba mkono wake ulikuwa umechafuka chokaa ya ukuta. Alirudia, safari hii akikusudia kupita katikati. Alichafuka tena.

Moyo wa Mama umeendelea kufanya kazi, na daktari ameacha kuulizwa juu ya milima. Baba bado huja jioni, ila siku hizi haleti kapu. Huketi kwenye kigoda uani, karibu na mahali Mama anapoanika nguo, na wote wawili hujifanya hawaonani mpaka giza liingie. Jirani, akija kuazima ngazi, hupita kandokando akiwa ameibeba wima ili isigonge ukuta, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Mara mojamoja marehemu huinama kwenye kizingiti kukagua kazi yake. Mawe ya kando, pande zote mbili, yamelainika yakawa kama sabuni. Ya katikati yana ukali wa tindo kama siku yalipolazwa.

"Hayajachakaa hata kidogo," husema, na fundi yeyote angejivunia.