Njiwa Wawili wa Bi Wanu

Kina mama mlio na watoto waliokwenda kusoma bara, kisa hiki ni chenu. Kisomeni polepole, maana hofu ya mama ina miguu mirefu. Hufika mlangoni kabla ya mgeni. Hofu hiyo ndiyo iliyompeleka Bi Wanu kanisani siku ya Pasaka na njiwa chini ya kanga.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Perpetua, lakini hakuna aliyemwita hivyo ila padri akisoma daftari. Alikaa chumba cha chini mtaa wa Mkunazini, na kazi yake ilikuwa kufua nguo za kanisa dogo la Ng'ambo: kanzu za mapadri, vitambaa vya altare, vyote akivitia wanga wa muhogo na kuvipiga pasi ya makaa hata vikasimama wima kama askari. Alisoma madarasa manne kwa masista, akatoka anajua kusoma, kushona, na kuogopa. Alizaa mabinti watatu, kisha akampata mwana wa kiume, Nahodha.

Nahodha alikwenda chuo cha mapadri bara akarudi shemasi. Ilibaki ngazi moja tu awe padri kamili, na kanisani kwao padri huoa. Lakini alirudi pia na maneno. Katikati ya Kwaresima alipanda mimbarini akasema kwamba kisa cha Yona na samaki, hata ikiwa hakikutokea neno kwa neno kama kilivyoandikwa, ni cha kweli vilevile, kwani kinamsema kila mtu anayekimbia pale alipotumwa. Vijana walifurahi. Mzee Petro Msabah, mzee wa kanisa aliyestaafu ukarani wa forodha, alitoka nje akafungua mwavuli wake hali mvua haijaanza.

"Leo katuondolea samaki," alisema. "Krismasi atatuondolea hori."

Watu wakacheka. Bi Wanu hakucheka. Alijua desturi: shemasi akikaribia kupewa upadri, jina lake husomwa mbele ya watu wote, na padri huuliza kama yupo anayejua kizuizi. Akisimama mtu mmoja mwenye heshima akasema ninacho, mambo husimama. Na jina la Nahodha lilikuwa lisomwe siku ya Pasaka.

Juma lilelile la mahubiri, mke wa Nahodha alijifungua mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti ya muadhini. Jina lake mkewe ni Tabia, na hapana aliyeimba kama yeye katika kanisa lile. Ndugu na majirani walikuja na ndizi, na kuku, na mafuta ya kumkanda mzazi. Furaha ilijaa nyumba hata ikamwagika uchochoroni. Siku moja, Bi Wanu akiwa anapiga pasi, Tabia akasema kama anayeomba chumvi:

"Mama, Pasaka nnakwenda kanisani. Na mtoto."

Bi Wanu aliiweka pasi kwenye kigae chake.

"Pasaka itakukuta siku ya ishirini na nne."

"Ndiyo, nshahesabu."

"Na arobaini?"

"Mama, nimezaa. Sikuiba kitu."

Kwa Wakristo wa pale, mzazi hakukanyaga kanisani mpaka siku ya arobaini, ndipo alipofika mlangoni na shela jeupe, padri akamsomea sala ya shukrani na kumwingiza ndani. Bi Wanu mwenyewe aliingizwa mara nne. Alimgeukia mwanawe, aliyekuwa mkekani akimpepea mtoto kwa kipepeo cha ukindu.

"Na wewe mume mtu umenyamaza?"

"Sala ya arobaini tutaisoma, mama, naipenda sana. Wazee walituachia kitu kizuri," alisema Nahodha. "Lakini kuipenda sala ni jambo moja, na kumfungia mtu mlango wa Pasaka ni jambo jingine."

"Imeandikwa."

"Wapi?"

"Imeandikwa, Nahodha. Usinihoji kama hakimu."

"Basi nionyeshe. Ukinionyesha, Tabia atakaa ndani, na mimi ntamtaka radhi Mzee Msabah mbele za watu."

Mzee Msabah naye alikuwa amekwishapata habari. Mji ule habari hazikuhitaji posta. Jumapili ya Matawi alimngoja Bi Wanu kwenye kibaraza cha kanisa.

"Bi Wanu, mimi nampenda mwanao. Nimemfundisha kupiga kengele hana meno ya mbele. Lakini mkaza mwanao akivuka kizingiti kile kabla ya arobaini, tangazo likisomwa ntasimama. Nakwambia mapema usije ukasema nilikuvizia."

"Umenambia, mzee. Ahsante."

Alirudi nyumbani. Akaitoa Biblia yake kuukuu sandukuni, iliyofungwa kwa kitambaa cha kanga, akavaa miwani, akaanza kuwinda aya.

Aliisoma Jumatatu nzima. Alisoma Mwanzo, akasahau anachotafuta kwa sababu ya Yusufu na ndugu zake, akalia, akafuta miwani. Alisoma Kutoka. Jumanne akaingia Walawi, na humo, katikati ya habari za damu na majivu, akaiona. Akapiga kelele moja ndogo ya ushindi. Mwanamke akizaa mtoto wa kiume atakaa siku saba, kisha siku thelathini na tatu. Bi Wanu akamwaga kokwa za ukwaju siniani, akahesabu. Arobaini kamili.

Alikuwa keshasimama amwite Nahodha, jicho lake likaangukia mstari wa chini. Akizaa mtoto wa kike, majuma mawili, kisha siku sitini na sita.

Akakaa. Akahesabu kokwa mara moja, akahesabu mara ya pili. Themanini.

Themanini, naye aliwazaa mabinti watatu, na kila mmoja padri alimwingiza kwa arobaini, tena padri wa Kizungu mwenye ndevu, aliyekijua Kiebrania. Basi mara tatu alipiga magoti altareni siku zake zikiwa nusu. Na siyo yeye peke yake. Wanawake wote. Miaka yote. Hakuna hata mmoja aliyekaa themanini.

Hapo, kina mama, mtu mwenye akili angemwita mwanawe amwambie, umenishinda. Bi Wanu hakuweza. Aliogopa kwamba Nahodha akijua, ataipanda mimbari na themanini yake, na Mzee Msabah atasimama mara mbili badala ya mara moja. Akaifunga Biblia. Lakini kabla hajaifunga aliona neno jingine: aliye maskini na alete makinda mawili ya njiwa. Hilo angalau alilimudu. Kama siku hazitoshi, akawaza, njiwa watatosha.

Jirani yake Mwislamu, Bi Kazija, alikuwa na kaka yake Pandu aliyefuga njiwa juu ya paa la nyumba. Siku moja kabla ya Pasaka Bi Wanu akabisha hodi.

"Karibu, shoga," alisema Bi Kazija. "Mbona uso kama umemeza shubiri?"

"Nataka makinda mawili ya njiwa."

"Ya mchuzi?"

"Ya kanisani."

Bi Kazija alimtazama. "Siku hizi mnachinja kule?"

"Sichinji. Nawapeleka tu."

"Wakanuse ubani?" Bi Kazija akacheka mpaka akashika ubavu, na Bi Wanu, pamoja na dhiki yake, naye akacheka. Ikabidi amwambie yote, toka samaki mpaka themanini.

"Arobaini na sisi tunayo," Bi Kazija alisema alipopata pumzi. "Wewe waijua, mzazi hatoki. Hii tuliitoa kwenu au mliitoa kwetu?"

"Sijui, shoga."

"Wala mie. Labda ni ya bibi zetu tu, walitaka wapumzike, wakaona mume hasikii mpaka aambiwe ni dini."

Pandu alikuwa na makinda, lakini yalikuwa yamekua, yana mbawa kamili. Bi Wanu hakuliona hilo kuwa neno.

Asubuhi ya Pasaka masika ilipumzika. Mji ulinuka matope na asumini. Kanisa lilipambwa kwa makuti na mauwa mekundu, wanaume kushoto, wanawake kulia, na kila mwanamke na kanga ambayo jana ilikuwa bado dukani. Tabia alivuka kizingiti na mtoto begani, ameinua uso, na minong'ono ikamfuata mpaka mstari wa tatu. Upande wa wanaume Mzee Msabah alifunga kifungo cha koti. Bi Wanu alikaa nyuma ya mkaza mwanawe, pakacha la njiwa mapajani, kanga juu ya pakacha, na mikono miwili juu ya kanga.

Kanisani kwao, Pasaka, wimbo wa Utukufu ukianza, kengele zote hupigwa pamoja: kubwa ya nje, ndogo za altareni, na hata watoto huruhusiwa kuja na zao. Bi Wanu aliijua desturi hiyo toka utotoni. Njiwa hawakuijua.

Kengele zililia. Pakacha likaruka mapajani mwake kama chura. Kanga ikafunguka, na njiwa wawili, mmoja mweupe na mmoja wa kijivu, wakapanda juu na vumbi la mbawa. Mweupe alizunguka taa mara mbili, akatua juu ya mimbari. Wa kijivu alikaa kwenye boriti yenye msalaba, juu ya kichwa cha Nahodha aliyesimama chini kwa kanzu nyeupe.

Waliokaa mbele hawakuona pakacha. Waliona njiwa tu.

"Roho," mwanamke mmoja alisema. Neno likaenda mstari kwa mstari kama moto wa makuti. Kigelegele kikapanda, kikafuatwa na vingine ishirini. Tabia, ambaye toka aingie alikuwa amebana midomo, alifungua kinywa akauchukua wimbo, na kanisa zima likauchukua kwake. Wazee walilia. Mzee Msabah alikuwa amepiga magoti sakafuni, koti na vifungo vyake vyote, uso mikononi.

Nahodha peke yake aliinama kidogo, akatazama chini ya viti vya wanawake. Aliliona pakacha. Akamtazama mama yake.

Somo likasomwa, Imani ikasomwa. Padri akakunjua karatasi ya tangazo. Akalisoma jina la Nahodha, akauliza: yupo mtu ajuaye kizuizi?

Mzee Msabah akasimama.

"Nilikuja hapa kusema," alisema mzee. "Nilikuwa na maneno juu ya kijana huyu na juu ya mkewe. Lakini Mungu amemletea njiwa. Mimi ni nani?"

Watu wakaitikia kwa sauti ya chini, kama maji yanayoingia mtaroni. Mambo yalikuwa yamekwisha, tena vizuri kuliko alivyoomba mama mtu. Bi Wanu alikuwa na kazi moja tu, kukaa kimya. Lakini alimwona Nahodha. Alisimama pale kama mtu aliyevishwa kanzu ya mwenziwe, inambana, na hawezi kuivua mbele za watu. Mwanawe huyu, pamoja na yote, alikuwa hajasema uongo toka ajue kusema.

Bi Wanu akasimama.

"Njiwa ni wangu," alisema.

Vichwa vikageuka.

"Ni wa Pandu, kaka yake Bi Kazija. Nimewaleta kwa pakacha, hili hapa. Hawakutoka mbinguni. Wametoka Mkunazini."

Mzee Msabah aligeuka polepole. "Umewaleta wa nini, Bi Wanu?"

"Wa Tabia. Imeandikwa."

"Wapi?"

"Walawi. Nimesoma siku mbili, mzee, niliyataka mno maneno ya kumshinda mwanangu. Arobaini ipo, lakini ya mtoto wa kiume. Wa kike ni themanini. Mimi nina mabinti watatu, na mara zote tatu nimeingia humu kwa arobaini." Aliiokota kanga yake. "Na wewe, mzee, una mabinti watano. Mkeo alikaa siku ngapi?"

Vidole vya Mzee Msabah vikaanza kuhesabu pembeni ya koti, mmoja, wa pili, wa tatu. Upande wa wanawake mkewe alijificha uso kwa kanga, mabega yakimtikisika.

"Arobaini," mzee alisema. "Wote watano."

Hapo juu, njiwa wa kijivu, aliyekuwa amesogea hadi upande wa wanaume, alifanya kile ambacho njiwa hufanya juu ya boriti, kikaanguka begani kwa Mzee Msabah, juu ya koti la Pasaka. Aliyeanza kucheka hakujulikana. Padri alificha uso nyuma ya karatasi ya tangazo. Mzee akalitazama bega lake.

"Basi miaka hamsini," alisema, "tulikuwa tukiiacha nusu ya maneno nje, na Mungu hakutufukuza."

"Hakutufukuza, mzee," Bi Wanu alisema.

"Ningejuaje?"

"Hata mimi sikujua. Nilikuwa sijasoma."

Padri akashusha karatasi, akauliza tena kwa upole, kwa kuwa desturi inataka jibu: "Mzee Msabah, unacho kizuizi?"

"Sina," alisema mzee, akakaa.

Nahodha akapanda mimbarini, njiwa mweupe akasogea kumpisha. Alikuwa na hotuba ya kurasa nne, imeandikwa pande zote mbili. "Mama yangu amekwishahubiri," alisema. "Tusimame tuimbe." Naye akashuka.

Ulipofika wakati wa komunyo, Mzee Msabah, ambaye kazi yake ilikuwa kufungua mlango mdogo mbele ya altare na kuita watu mstari kwa mstari, alikwenda moja kwa moja kwa Tabia. Alimwinamia.

"Mzazi hasimami foleni," alisema. "Tangulia, mwanangu. Mpe bibi yake huyo mtoto, mikono iwe huru."

Tabia alimpa Bi Wanu mtoto, akaenda mbele peke yake, na Nahodha akamletea kikombe cha komunyo.