Upepo wa Chini ya Mlango

Birika la umeme lilifika Jumanne saa nne asubuhi, Mama Mwiko akiwa ameketi sebuleni anachambua maharage. Mleta mizigo alimwamkia, akamtaka aandike jina lake kwenye karatasi mbili, kisha akasubiri boksi lifunguliwe ihakikishwe kwamba kifuniko hakijavunjika. Ndivyo duka lilivyotaka. Mzigo hauachwi mlangoni wala haupokelewi na jirani: mwenyewe afungue, mwenyewe atie saini. Kwa ajili hiyo mtaa mzima ulimwita mleta mizigo Bwana Saini, naye aliitika.

Kesho yake Mama Mwiko alipovaa gauni lake la kila siku, pindo lilifagia sakafu. Akaenda kujipima kwenye mwimo wa mlango wa mbele, ambako marehemu mumewe, seremala, alikuwa akichonga vimo vya watoto kwa patasi. Alikuwa amepungua nyanda tatu, upana wa vidole vitatu. Akalikunja pindo, akalishona, akarudi kwenye maharage yake.

Jina la Mama Mwiko alilipata jikoni mwa shule, alikopika miaka thelathini na moja, kwenye masufuria ambayo ili uyasugue ilikubidi uingie mzimamzima. Kwa kazi hiyo aliwasomesha wanawe watatu, nao wakasoma, wakaondoka. Kifungua mimba alikuwa mkaguzi wa majengo, wa kati muuguzi, na kitinda mimba alifanya kazi ya bima. Kutoka kwao hadi kwa mama yao ni safari ya siku moja. Walimpenda, na hilo lisemwe mapema, asije mtu akadhani hii ni hadithi ya watoto wabaya. Walimpigia simu kila Jumapili kwa zamu, tena walimsikiliza kwa makini, na balaa lote lilianzia hapo.

Maana kila alichosema walikitafutia kifaa. Duka lilikuwa na fomu kwenye simu: unaandika shida ya mtu wako, linakuchagulia zawadi yenye manufaa nyumbani. Mama aliposema nyumba imekuwa kimya, ikaja redio. Aliposema chai ya peke yake haimpandi, ikaja chupa ya chai ya kikombe kimoja. Aliposema amewakumbuka mpaka nyuso zao zinaanza kumponyoka, ikaja fremu ya kioo yenye nafasi tatu, na ndani yake picha za watu asiowajua, zilizowekwa na kiwanda. Wanawe walikuwa hawajapata nafasi ya kutuma za kwao. Mama Mwiko aliitundika hivyohivyo, na baada ya miezi akawa amewazoea wale wageni.

Kila zawadi ilimpunguza kwa kadiri ya ukubwa wake. Seti ya vijiko ilimtoa unywele tu. Zulia lilimtoa nyanda nne. Jokofu, ambalo watatu wote walilichangia baada ya kusikia kwamba chakula kinalala kwa kukosa walaji, lilimtoa shubiri mbili nzima kwa usiku mmoja. Asubuhi ile alisimama kwenye mwimo akajikuta sawasawa na alama ya kitinda mimba alipokuwa na miaka tisa. Alicheka kidogo. Kisha akatazama juu, kwenye komeo la mlango, na kicheko kikamwishia.

Komeo lile mumewe aliliweka juu kwa makusudi, enzi zile watoto walipokuwa watundu wa kutorokea barabarani. Hakuna aliyelifikia mpaka alipokuwa mkubwa wa kuruhusiwa kwenda. Sasa ndio hao waliomsisitizia: mama, nyumba ina vitu vya thamani, usilale bila kufunga. Alifunga. Alichotaka yeye kilikuwa kimoja tu, kwamba mmoja wao, yeyote, aje kabla hajashindwa na komeo, amfungulie kwa mkono wake mwenyewe, wakae, wale.

Hakumficha kifungua mimba.

"Mwanangu, napungua. Komeo siku hizi nalifikia kwa kuchuchumia. Njoo kabla sijashindwa."

"Pole, mama. Umepungua kiasi gani?"

"Nimefika kwa mdogo wako, miaka tisa."

Kalamu ilisikika ikiandika. Mkaguzi alikuwa ameona majengo mengi yakididimia, hili halikumshtua. Akasema amemwelewa na kwamba atalishughulikia wiki hiyohiyo. Mama Mwiko alitandika kitanda cha wageni, akaloweka mchele zaidi ya kawaida.

Alhamisi Bwana Saini alileta ngazi fupi ya kukunja, ya vidato vitatu, yenye mpira miguuni isiteleze. Ilikuwa ngazi nzuri, huwezi kuitia kasoro. Kesho yake Mama Mwiko, aliyekuwa ameshapunguzwa na ngazi ileile, aliipanda mpaka kidato cha juu, akalifikia komeo vilevile kwa kuchuchumia. Wali ule aliula siku tatu.

Aliwahi kujaribu kukataa. Muuguzi alipomtumia kitanda kidogo chenye kingo, asije akaanguka, alimwomba Bwana Saini akirudishe. Fomu ya kurudisha ilikuwa na sababu tatu: kimevunjika, kimekosewa rangi, kimekosewa ukubwa. Alitafuta sababu yake, hakuiona, akaweka alama kwenye ukubwa. Duka likachukua kitanda, likaleta kingine kidogo zaidi, na vyote viwili vikahesabiwa mwilini mwake. Angeweza pia kukaa kimya asifungue mlango. Lakini Bwana Saini ndiye mtu pekee aliyebisha hodi katika nyumba ile, na mama huyu hakuwa na moyo wa kumwacha mtu nje anaita.

Kilichommaliza ni mashine ya kufulia. Alikuwa amemwambia muuguzi kwamba mikono yake haizungukii tena shuka iliyolowa, njoo unikamulie walau siku moja. Mashine ililetwa na Bwana Saini pamoja na wapagazi wawili. Jioni, kama alivyoagizwa, Mama Mwiko alipanda ngazi na ufagio mkononi, akalisukuma komeo kwa mpini mpaka likafunga. Asubuhi alishuka kitandani kwa kuning'inia kwenye shuka. Alikuwa na kimo cha kijiko cha chai.

Jumapili ilikuwa zamu ya kitinda mimba. Simu ilikuwa sakafuni kwenye chaji. Mama Mwiko alikikanyaga kitufe, akapiga magoti karibu na kipaza sauti.

"Mlango umenishinda," alimwambia. "Upepo wa chini yake unaniangusha nikipita. Njoo, mwanangu, hata kwa kuuvunja."

"Mlango wa baba, mama? Tuuvunje?"

Alisema kwa upole kabisa. Wa bima akamuuliza upepo huo unapita penye nafasi ya nyanda ngapi. Akamtajia.

Jumatano Bwana Saini alibisha hodi. Mama Mwiko alilala kifudifudi akapenya chini ya mlango, akasimama kizingitini akijikung'uta vumbi. Bwana Saini akamwamkia, akachuchumaa, akamshikia kalamu huku mama akiielekeza kwa mikono miwili. Saini ilitoka vizuri. Hapo ndipo Mama Mwiko alipopiga moyo konde, akamuuliza kama gari lina nafasi.

"Ya mzigo gani, mama?"

"Mimi. Nipeleke kwa mmoja wao. Yeyote."

Bwana Saini hakuona ubaya wowote. Kwa uzito ule alikuwa anaingia kwenye bahasha. Ila mzigo hauondoki bila mpokeaji kuthibitisha kwamba atakuwepo kutia saini, kwa hiyo alikaa kizingitini akawapigia mmoja mmoja. Kila aliyepokea, Bwana Saini alimwambia kuna mzigo kutoka kwa mama. Kifungua mimba alikuwa kazini, akasema hawezi kuwa nyumbani kabla ya mwisho wa mwezi, na kwani mama anahangaika kutuma vitu vya nini. Muuguzi alikuwa zamuni, akaomba atumiwe picha ya mzigo. Bwana Saini akapiga picha, akatuma. Muuguzi akajibu kwamba ni kitu kizuri sana, anashukuru, ila kwake nafasi imejaa, kibaki tu kwa mama. Kitinda mimba hakupokea. Alikuwa kwenye simu nyingine, anauliza duka kama mzigo wa mama umeshafika.

"Mzigo usio na mpokeaji hurudi ghalani," Bwana Saini alisema. "Na ghalani, mama, sitakudanganya, kuna panya."

Mama Mwiko akamuuliza kama anaweza basi kuuvunja mlango. Alijibu kwamba kuvunja hakumo kwenye huduma zake, kilichomo ni kufunga. Akafungua kifurushi alichokuja nacho. Ilikuwa pamba nene iliyovikwa mpira, ndefu kama upana wa mlango, pamoja na misumari yake: kizuia upepo, kinapigiliwa kwa nje. Watoto walikuwa wamelipia na ufundi.

Akaishika nyundo, akasubiri. Hakuwa mtu wa haraka.

"Nikufungie ukiwa ndani au nje?"

Mama Mwiko aliitazama barabara. Iliumiza macho kwa jua na ilikuwa ndefu mno kwa miguu ile.

"Ndani," alisema. "Wakija, wanikute."

Akalala kifudifudi, akapenya. Bwana Saini akapigilia misumari kumi na miwili, akapitisha kiganja chini ya mlango kote, akaridhika. Ilikuwa kazi safi.

Jumapili kifungua mimba alipiga. Akauliza kama upepo umekoma, mama akasema umekoma. Kesho yake tu baada ya ile pamba alikuwa ameshuka tena, sasa alikuwa sawa na njiti ya kiberiti, na ilimbidi arukeruke mara nyingi juu ya kitufe ndipo simu ipokee.

"Tatizo lako, mama, husemi mapema. Halafu mbona nakusikia kwa mbali?"

Mama Mwiko alipiga kelele kwa nguvu zake zote kwamba ni hivi alivyo, kwamba aje.

"Bado sikusikii vizuri," kifungua mimba alisema, na kalamu ikasikika.

Alhamisi Bwana Saini alileta kipaza sauti kidogo cha mkononi, kizuri, chenye betri zake. Alibisha mara tatu kama utaratibu unavyotaka. Aliinama akategesha sikio chini ya mlango, lakini pamba aliipigilia mwenyewe na haikuacha pengo. Karatasi ilikuwa na nafasi mbili tu, amepokea na hayupo. Alisimama nayo muda mrefu kuliko alivyoruhusiwa, akaweka alama kwenye hayupo, akarudi garini na mzigo wake.

Nyuma ya mlango Mama Mwiko alikuwa bado anaitikia, karibu, karibu, ingia tu.