Pikapu ya Joleen Juu ya Reli

Delmar Kucera alikuwa na miaka sabini na mmoja, na kitu pekee kilichoweza kumtoa ndani kwenye baridi ya Nebraska ni treni za mizigo. Karibu kila siku alisimama kwenye kivuko kimoja cha barabara na reli kisicho na geti, kamera juu ya stendi, akirekodi treni za makaa ya mawe. Madereva wa njia hiyo walimjua wote. Yeye huwapungia mikono, wao humpigia honi, na watu wanaotazama video zake huandika, "Safi sana, mzee!" Ndiyo starehe yake, na hakumkosea mtu.

Siku hiyo ya Februari alikuwa hashikiki. Injini moja iliyopakwa rangi za zamani, ambayo alikuwa ameiwinda miaka kumi na moja, ilikuwa inakuja mbele kabisa ya treni. Jua lilikuwa mgongoni mwake, theluji haijakanyagwa na mtu. Ndipo mkewe, Joleen, akatokea na pikapu kumletea chili ya moto, ule mchuzi wa nyama na maharage, na mikate ya mdalasini, akaanza kuvuka reli kuja upande wake.

"Siyo huku!" Delmar akapiga kelele. "Utanikalia kwenye picha! Rudi nyuma!"

"Hata salamu hakuna?" Joleen akajibu dirishani. "Ningejua ningekula mwenyewe nyumbani."

"Rudi bwana, inakuja!"

Joleen akarudi nyuma huku akinung'unika. Kwa ile haraka aliyotiwa, gurudumu la nyuma likateleza nje ya mbao za kivuko, na pikapu ikajibwaga kwenye kokoto kwa kishindo, ikanasa pale pale juu ya reli. Delmar alisikia mkewe akipiga ukelele ambao hakuwahi kuusikia kwa miaka arubaini na nne ya ndoa.

Alipofungua mlango alimkuta amekunja uso, jasho linamtoka kwenye baridi ile. "Nyonga," akasema. "Imetoka tena." Alikuwa amefanyiwa upasuaji wiki tatu tu kabla. Delmar akamshika makwapani avute, na Joleen akapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Alikuwa mwanamke wa mwili, na Delmar ni ufito wa mtu.

"Simu yako iko wapi?"

"Mezani jikoni. Yako je?"

Yake ilikuwa imeshakufa kwa baridi, maana tangu asubuhi alikuwa akiipigia picha za mawingu. Kibao cha buluu chenye namba ya dharura kilikuwa pale pale nguzoni, na hakikumsaidia kitu. Barabarani hapakuwa na gari hata moja. Redio yake ndogo ya kusikilizia watu wa reli ilikuwa kiunoni, lakini hiyo husikia tu, haisemi. Ikakoroma, na sauti ya mashine inayokagua treni njiani ikatangaza kwamba treni imepita maili ya mia mbili na kumi. Delmar alizijua hesabu za njia hiyo kuliko umri wa wajukuu wake. Dakika sita.

Kabla ya kivuko palikuwa na kona yenye miti, na dereva asingeiona pikapu mpaka aikute puani, na treni ile haisimami kama baiskeli.

"Nakwenda kuisimamisha," akasema.

"Delmar, usiniache humu!"

Akamwacha. Alikimbia kando ya reli na mabuti yake ya mpira, akianguka na kuinuka, kifua kinawaka, akimwomba Mungu kwa maneno mabovu mabovu kama mtu anayegombana na jirani. Alipofika kwenye kona, taa tatu zilikuwa zimeshatokea upande wa pili.

Akainua mikono yote miwili, akaipunga kwa nguvu zote.

Honi ikalia, ndefu kisha fupi fupi, kwa furaha. Redio ikacheka kiunoni mwake. "Leo mzee wetu katupokea mpaka huku konani!" dereva alikuwa akimwambia mwenzake wa treni ya nyuma. "Kaiona injini yake, kapagawa kabisa." Mkono ukatoka dirishani ukimpungia.

"Simama! Simama, mpumbavu wewe!" Delmar akalia. Kadiri alivyozidi kupunga, ndivyo mkono ule ulivyozidi kumjibu. Miaka yote hiyo mikono yake ilikuwa imewaambia watu hawa jambo moja tu, na sasa hakuwa na mikono mingine.

Basi akaishusha. Akaingia katikati ya reli, mahali ambapo vijana wakithubutu kukanyaga huwatukana matusi yasiyoandikika, akapiga magoti juu ya mbao za taruma, mikono imelala mapajani. Reli zilikuwa zinatetemeka. Aliogopa mpaka akajikojolea, na hakuondoka.

Honi ikabadilika. Breki zikapiga yowe, cheche zikaruka magurudumuni. Alipoanza kuona sura ya dereva, Delmar akajitupa mtaroni.

Mabehewa yakampita kando ya mtaro, moja baada ya jingine, yakipinda kuelekea asikoweza kuona. Mtu ambaye hajawahi kuacha treni ipite bila kuhesabu mabehewa, leo alifumba macho akisubiri kishindo. Mwendo ukapungua, ukapungua tena. Kisha kimya.

Hakuna kishindo. Lakini masikio yake yalikuwa yakivuma, hakuyaamini. Akakimbia akijishikilia kwenye mabehewa, akilitaja jina la mkewe.

Injini ilikuwa imesimama hatua kama kumi kutoka kwenye pikapu. Dereva alikuwa ameketi kwenye theluji, kichwa mikononi. Msaidizi wake alisimama mlangoni mwa pikapu na simu sikioni, na Joleen, macho ameyafumba, amemkamata mkono.

"Usinifiche, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Nimezisikia breki zikilia huko konani alikokwenda. Niambie tu kama kuna cha kuzika."

"Joleen," Delmar akasema.

Joleen akafumbua macho. Alimtazama kwa muda mrefu, matope, damu, suruali iliyolowa. Kisha akaanza kulia kwa sauti kubwa.

"Ni mimi niliyekurudisha nyuma," Delmar akasema. "Kwa ajili ya picha."

Joleen aliikamata kola ya koti la mumewe, na hata watu wa gari la wagonjwa walipofika na machela, ilibidi wamwombe mara mbili aiachie.